UZI: Grupu lina watu 400, kwenye vois wanaongea walewale 12. Wenye hofu ya watu tunawaingizaje kwenye tukio?

#1 Mlinzi_wa_Lango
Wakuu habari za jioni.

Mimi ni mmoja wa maadmini wa grupu la mashabiki wa anime, zile katuni za Kijapani, tupo 400 na kidogo, wengi Tanzania, wachache Kenya, na kuna mmoja yuko Goma. Kila Jumamosi saa tatu usiku tuna tukio, tunaangalia episodi moja kwa pamoja kila mtu akiwa kwake, halafu tunaingia vois tunachambua, mwisho chemsha bongo. Tulianza mwaka jana. Wanaoongea ni walewale kumi na wawili, nawajua mpaka sauti za majogoo wa majirani zao.

Sasa kuna dada mmoja huwa haongei kabisa. Ila kwenye grupu la WhatsApp naona jina lake na "anaandika…", inakaa dakika nzima, inapotea. Inarudi. Inapotea. Meseji haiji. Nimeiangalia hiyo kitu miezi. Wiki mbili zilizopita naendesha chemsha bongo, likaja swali la mhusika ambaye najua ndiye kipenzi chake maana ndo kamweka kwenye picha ya profaili, nikasema kwa nia njema kabisa, jamani leo tumpe nafasi dada yetu, fungua maiki tunakusikiliza. Kimya. Nikarudia. Jamaa wakadakia "fungua, fungua, fungua". Akatoka kwenye vois, na asubuhi hayupo kwenye grupu.

Siku tatu baadae kanitumia meseji inbox ndefu kama gazeti. Jibu la swali lilikuwemo, sahihi, na episodi namba ngapi na dakika ya ngapi. Anasema alilijua kabla sijamaliza kusoma swali, ila mkono ulitetemeka mpaka simu ikadondoka chini ya kitanda na akaogopa kuiokota kwa sababu sauti zetu zilikuwa bado zinatoka huko chini zinamwita.

Kwahiyo nauliza, tukio la mashabiki mtandaoni lipangwe vipi mtu wa aina hii naye ashiriki? Na tatizo ni yeye au ni sisi? Tiririkeni.

#2 Kashata_na_Kahawa
Siti ya mbele nimekaa. Ngoja waje wajuzi.

#3 Chuma_cha_Pua
Huo ni uoga tu mkuu, tusiupambe majina. Mtu yupo chumbani kwake, mlango kafunga, hakuna anayemwona, anaogopa nini? Sisi shule tuliitwa mstarini mbele ya watu 800 unasoma taarifa ya habari na chupi imechanika na ukakosea na wakacheka na kesho yake ukarudi tena. Mpaka leo naongea popote. Mzoesheni tu, ataongea.

#4 Kivuli_cha_Mwembe
> Chuma_cha_Pua: hakuna anayemwona, anaogopa nini?

Ngoja nikujibu mana mimi ni mmoja wao na hapa naandika kwa sababu naweza kufuta.

Kuitwa ghafla ni kubaya lakini kuna kubaya zaidi, ile "tujitambulishe kwa zamu". Ikitajwa tu naanza kuhesabu, mbele yangu kuna watu tisa, nane, saba, hata wanachosema sisikii, narudia jina langu kichwani, jina langu mwenyewe nililonalo miaka 27, naogopa nitalikosea. Wakibaki watatu nazima data. Kesho yake nasema mtandao ulisumbua. Mtandao wangu haujawahi kusumbua.

Na kuonekana au kutokuonekana hakuna uhusiano. Vois kwangu ni mbaya kuliko ana kwa ana, kwa sababu ukimaliza kuongea kuna zile sekunde mbili hakuna anayesema kitu. Ana kwa ana ningeona mtu anatikisa kichwa au anatabasamu. Kwenye vois kile kimya nakijaza mwenyewe, na mimi sina huruma. Nikisema neno moja saa tatu, saa nane usiku bado nalisikiliza, kwa nini nilisema "ndio" kwa sauti ile.

#5 Chuma_cha_Pua
Pole. Ila shule kwenye kusimama mbele ulikuwa unafanyaje?

#6 Kivuli_cha_Mwembe
Naumwa tumbo. Na lilikuwa linauma kweli, sio kusingizia.

#7 Nesi_wa_Zamu
Mimi ni muuguzi, nimepita kitengo cha afya ya akili, daktari sio mimi kwahiyo msije inbox kuomba dawa.

Tutenganishe vitu. Soni ni tabia, watu wengi wanayo na maisha yanaenda. Kuna hofu ya kijamii ambayo ni ugonjwa unaotambulika, Wamarekani waliuingiza kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili, ule DSM, mwaka 1980 wakauita fobia ya kijamii. Toleo la 2013 linasema hali iwe imedumu kwa kawaida miezi 6 au zaidi na iwe inamharibia mtu masomo, kazi au mahusiano. Mara nyingi inaanza umri wa shule, ndio mana wengi wanadhani wamezaliwa hivyo. Na inatibika, kuna tiba ya mazungumzo inayoshughulika na fikra na matendo, na kuna dawa kwa wanaohitaji.

Kwa hiyo mleta uzi, huwezi kujua kwa kuangalia "anaandika…" kama dada yako ana soni au ana zaidi ya soni. Mpange tukio ambalo hamhitaji kujua.

#8 Kashata_na_Kahawa
Kwahiyo nesi wale 388 wasioongea wote hospitali ya akili Mirembe? Basi itabidi treni ya kwenda Dodoma iongeze mabehewa.

#9 Nesi_wa_Zamu
Mirembe wana kazi zao. Na utani huo ndio unamfanya mtu akae na hali yake miaka kumi asimwambie hata mama yake.

#10 Kashata_na_Kahawa
Nimekosa nesi. Naendelea kunywa kahawa kimya kimya.

#11 Bando_la_Chuo
Mbona mmekimbilia ugonjwa haraka hivi jamani. Mie siongeagi kwenye vois na sina hofu yoyote. Tunaishi chumba na sebule, wadogo zangu watatu na bibi, saa tatu usiku sebuleni tamthilia imepamba moto, nikifungua maiki mtamsikia bibi anauliza "unaongea na nani huko?" na mkikaa kimya atauliza tena. Halafu bando. Nimeangalia episodi, nimeingia vois saa nzima, MB zimebaki za kusoma meseji tu. Kila anayenyamaza mnamwita mgonjwa, wengine tumenyamaza kwa sababu ya bajeti.

#12 Kivuli_cha_Mwembe
Hofu na bibi vinaweza kukaa nyumba moja.

#13 Bando_la_Chuo
😂😂 Hapo umenipata. Lakini hoja yangu ipo palepale.

#14 Fundi_Vidude
Mleta uzi tatizo lako la kwanza ni WhatsApp yenyewe. Angalia, kura ya WhatsApp inaonyesha nani kachagua nini, unabonyeza tu unaona majina. Mtu anayeogopa macho ya watu hapigi hata kura ya "tuangalie episodi gani". Tiki za bluu ukizizima kwenye mipangilio kwenye magrupu hazizimiki. Akiingia kwa lingi inaandikwa fulani kajiunga kwa lingi, watu 40 wanamrukia karibu sana karibu sana jitambulishe. Hapo umeshampoteza hata hujaanza.

Telegram kura ukiiacha ilivyo haionyeshi majina. Discord, ile app ya magrupu ya kuchati na kuongea, chaneli ya vois ya kawaida mtu akiingia kuna mlio unalia wote mnajua kaja, ila kuna chaneli za jukwaa, zile Stage, unaingia kama msikilizaji, maiki imezimwa, anayetaka kuongea ananyoosha mkono. Hameni.

#15 Tanuru
Fundi uko sawa ila nyongeza mbili. Stage haipatikani kwenye kila seva, yaani kila grupu la Discord, lazima admini aiwashe seva kuwa ya Community kwanza, wengi wanaitafuta hawaioni wanadhani imefutwa. Pili WhatsApp nao walirekebisha, tangu 2022 ukitoka kwenye grupu wanaoarifiwa ni maadmini tu. Kwahiyo huyo dada hajatoka mbele ya watu 400.

#16 Fundi_Vidude
Sawa, lakini kuna orodha ya waliotoka, inakaa siku 60, memba yeyote akiifungua anaiona.

#17 Kivuli_cha_Mwembe
Siku 60, naam. Mnafikiri nani ameisoma hiyo mipangilio mpaka mwisho kama sio sisi.

#18 Msee_wa_Stage_ya_Nyuma
Niaje wasee, hapa Nairobi. Nyinyi mnasema hofu iko kwa kichwa, mimi nasema hofu iko kwa watu na watu ndio hawa. Nilikuwa kwa grupu ya mafans wa mpira, timu sitaji mtanicheka mara mbili. Siku moja nikatuma vois noti nikibishana na jamaa juu ya penalti, nimeshikwa na hasira, sauti ikapasuka katikati kama ya kijana wa class seven. Wakaifowadi. Ijumaa ilikuwa kwa grupu yetu, Jumapili iko kwa grupu ya estate, Jumatatu nimefika job napata mwenzangu akiicheza akiwa hajui ni mimi. Picha yangu ya profaili wakaitengeneza stika, mdomo wazi. Iko mpaka leo.

Tangu hiyo siku mimi ni mtu wa kureact tu. Sina ugonjwa maze. Nilijifunza. Msee akiogopa nyoka na ameumwa na nyoka, huyo mtampeleka hosi ya nini?

#19 Chuma_cha_Pua
Hahaha hiyo stika naomba.

#20 Msee_wa_Stage_ya_Nyuma
Unaona sasa.

#21 Mtu_wa_Ziwa_Kivu
Ni mimi wa Goma ambaye Mlinzi amemtaja, salamu kwenu. Mimi sina woga wa watu, kazini naongea siku nzima na wateja. Lakini kwenye vois yenu nilisema mara moja "batu" nafasi ya "watu" na mtu akacheka, hakucheka vibaya, alicheka tu, halafu mwingine akarudia "batu batu". Toka siku ile kabla ya kusema sentensi naipitisha kichwani kwanza, nasahihisha Kiswahili cha kwetu kiwe cha kwenu, na nikimaliza kusahihisha mada imeshapita, mpo kwenye episodi nyingine. Basi naandika tu. Sijui hiyo inaitwa nini kwa lugha ya nesi.

#22 Mlinzi_wa_Lango
Kaka samahani sana. Nilikuwepo siku hiyo na nilicheka na mimi.

#23 Mtu_wa_Ziwa_Kivu
Najua, nilisikia 😄 Imepita.

#24 Mzee_wa_Kadi
Vijana mnaongea kana kwamba ushabiki ulianza na intaneti.

Zamani sisi tulikuwa mashabiki wa vipindi vya salamu. Unanunua kadi ya salamu, unajaza jina, ulipo, unaowasalimu, ujumbe wako, unaitia posta. Wiki mbili tatu upo na redio begani unasubiri. Mtangazaji anasoma. Mimi nina kigugumizi tangu utoto na juu ya kigugumizi nina hayo mnayoyasema, dukani nilikuwa nanyooshea kidole sabuni badala ya kuitaja. Lakini redioni nilikuwa maarufu kuliko diwani, kwa jina la kujibandika ambalo sitalitaja hapa kwa sababu nina wajukuu humu. Maneno yangu, sauti ya mtangazaji. Sauti nzuri kweli, nzito, mtu wa kijijini akisikia anadhani mimi ndiye nina sauti ile.

Siku moja watuma salamu wa mkoa wetu wakapanga kukutana ana kwa ana. Nilipanda basi, nikafika, nikasimama ng'ambo ya barabara kwenye kibanda cha magazeti. Nawaona wanakumbatiana, wanaitana kwa majina ya redioni, nasikia mmoja anauliza mbona fulani hajafika, akitaja jina langu. Nikanunua gazeti, nikasubiri basi la kurudi. Wiki ile ile nikatuma kadi kuwapa pole wote kwa kutonikuta.

Simu za laivu zilipoingia redioni, piga sasa hivi uongee na mtangazaji, kadi zikafa. Na mimi nikafa nazo.

Kwahiyo kijana wangu Mlinzi, kuwa mtangazaji. Waandike, wewe soma.

#25 Kivuli_cha_Mwembe
Shikamoo mzee. Nimesoma mara tatu hapo kwenye kibanda cha magazeti.

#26 Mzee_wa_Kadi
Marahaba. Gazeti lenyewe lilikuwa la jana.

#27 Kalamu_ya_Shangazi
Mzee hicho ulichosema kuna mashabiki wanakifanya mtandaoni kila mwaka. Inaitwa Yuletide, ni kubadilishana zawadi za hadithi za kishabiki, ipo tangu 2003. Unapangiwa mtu wa kumwandikia hadithi, na wewe unaandikiwa na mtu usiyemjua. Tarehe 25 Desemba hadithi zote zinafunguliwa ila bila majina ya waandishi. Majina yanatoka 1 Januari. Hiyo wiki katikati ndiyo utamu wenyewe. Nilishiriki mara moja kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, nikakaa wiki nzima nasoma watu wanavyoisifu hadithi na kubahatisha ni ya nani, hakuna aliyenitaja, na jina lilipotoka maoni yalikuwa yameshaandikwa hayafutiki. Ningejulikana kwanza nisingethubutu kuyasoma.

Sio kwamba wanamficha mtu milele. Wanachelewesha tu jina lisifike kabla ya kazi.

#28 Tanuru
Hiyo si ilianzishwa na AO3, ile tovuti ya hadithi za kishabiki?

#29 Kalamu_ya_Shangazi
Hapana, AO3 imefunguliwa kwa watu 2009, Yuletide ilikuwa ina umri wa miaka sita tayari, ikahamia huko.

#30 Tanuru
Nimeelewa shangazi, asante.

#31 Mwaka_wa_Tatu
Nasoma saikolojia, naomba nilete ukakasi kidogo.

Kuna maelezo ya Clark na Wells ya mwaka 1995 ambayo yanatumika sana. Wanasema mtu mwenye hofu hii akiingia kwenye watu macho yake yanageuka ndani, anajitazama mwenyewe kwa jinsi anavyodhani wengine wanamtazama, ndio mana Kivuli hasikii wale tisa walio mbele yake. Halafu anafanya vijitendo vya kujikinga, kuandaa sentensi kabla, kuzima data, kukaa kimya. Vinamtuliza leo lakini vinamnyima nafasi ya kugundua kwamba angeongea na kisingetokea kitu. Sasa mkijenga tukio zima juu ya kuandika na kufichwa majina, si mnamjengea kijitendo kimoja kikubwa cha kujikinga chenye ratiba na admini?

#32 Chuma_cha_Pua
NILISEMA MIMI.

#33 Mwaka_wa_Tatu
Hukusema hivyo mkuu, ulisema uoga. Kuzoea hatua kwa hatua kwa ridhaa yako mwenyewe, na watu 30 kukupigia kelele "fungua fungua", ni vitu viwili tofauti kabisa. Hicho cha pili kinamthibitishia kwamba alikuwa sahihi kuogopa.

#34 Kivuli_cha_Mwembe
Mwaka_wa_Tatu umeandika vizuri na nakubali nusu. Ila mimi Jumamosi usiku siendi kwenye tukio la anime kutibiwa. Naenda kwa sababu naipenda ile kitu na nina maoni kuhusu mwisho wa msimu wa pili ambayo hakuna mtu mtaani kwetu wa kumwambia. Nikitaka tiba nitatafuta tiba. Shabiki mwingine mkimwona haongei hamsemi "tumkuze", mnampa stika.

#35 Nesi_wa_Zamu
Wote mko sahihi na ndio mana ni vigumu. Kuna wanaotumia maandishi kama ngazi, anaanza kwa kura, anaenda kwenye emoji, anaandika neno, siku moja anafungua maiki kwa sekunde kumi. Na kuna wanaotumia maandishi kama kiti, anakaa hapo, kashafika. Huwezi kujua yupi ni yupi na sio kazi ya admini kujua.

Kuna kitu watu wenye usonji walianza nacho kwenye mikutano yao Marekani huko, beji za rangi. Kijani nisemeshe, naona tabu kuanza mimi. Njano, anisemeshe anayenijua tu. Nyekundu, leo niacheni. Mtandaoni unaweza kumpa mtu rangi hiyo kwenye jina lake, na akaibadilisha mwenyewe kila Jumamosi.

#36 Fundi_Vidude
Hiyo kwenye Discord ni dakika tano, unaitengeneza kama cheo chenye rangi.

Na kwa wale wanaotumia Zoom, kuna profesa wa Stanford, Jeremy Bailenson, 2021 alieleza kwa nini vikao vya video vinachosha, mojawapo ni kujiona uso wako mwenyewe muda wote, kama mtu anakufuata na kioo siku nzima. Kuna sehemu ya kujificha usijione, wenzako wanakuona kama kawaida. Watu hawaijui.

#37 Kashata_na_Kahawa
Hapo kwenye kamera sasa. Chuma_cha_Pua wewe shujaa wa mstarini, mbona ile Zoom ya memba wa humu hukuwasha kamera?

#38 Chuma_cha_Pua
Kamera yangu mbovu.

#39 Kashata_na_Kahawa
Ile ilikuwa 2021 mkuu. Na juzi pia.

#40 Chuma_cha_Pua
Simu tofauti, tatizo lilelile. Turudi kwenye mada.

#41 Mlinzi_wa_Lango
Wakuu nimerudi na mrejesho wa Jumamosi hii, nilichukua ya mzee, ya fundi na kidogo ya shangazi.

Tulihamia Telegram. Alhamisi nikaweka ratiba nzima, saa tatu kamili tunaanza, episodi dakika 24, uchambuzi nusu saa, maswali kumi, saa tano tunafunga, na nikaandika kwa herufi kubwa HAKUNA ATAKAYEITWA JINA. Majibu na maoni unanitumia mimi inbox, nakupa namba, nasoma hewani "namba 17 anasema". Mwisho wa chemsha bongo kama umeshinda nakuuliza inbox kwanza kama nitaje jina au nitaje namba.

Kwa kawaida napata majibu ya watu kumi na wawili. Safari hii walituma 53. Watu ambao sikuwahi kujua wapo, kuna mmoja ana nadharia ya aya sita.

Sasa mabaya. Kwanza kusoma maoni ya watu 53 sio mchezo, tulimaliza saa sita na nusu usiku sauti imekwisha na Bando_la_Chuo alikuwa kashakatika zamani. Pili wale kumi na wawili wamelalamika, wanasema zamani ilikuwa kijiwe sasa imekuwa taarifa ya habari, wanasikiliza mtu mmoja tu, na siwezi kusema wamekosea, kulikuwa kumepoa. Tatu, kuna mmoja akaona jina lake halitajwi akatuma tusi kuhusu sauti ya dada tunayeendesha naye, na mimi nasoma haraka haraka usingizi unanisumbua nikasoma nusu sentensi hewani kabla sijashtuka. Nimemwondoa, lakini dada alishasikia.

Yule dada wa mwanzo kwenye grupu hajarudi. Ila nilimtumia maswali inbox na yeye, akajibu. Kapata nane. Moja alikosea, na moja kabisha, kaleta ushahidi, nimekwenda kuangalia, swali langu ndo lilikuwa bovu.

#42 Kivuli_cha_Mwembe
Basi kapata tisa.

#43 Mlinzi_wa_Lango
Tisa. Nimerekebisha.

#44 Bando_la_Chuo
Si nilisema? 53 wameandika kwa sababu maandishi hayali MB. Hakuna cha hofu hapo, ni bando.

#45 Mtu_wa_Ziwa_Kivu
Mimi nilituma. Namba 9. Niliandika kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, na Mlinzi akasoma kwa lafudhi ya Mbeya, nilicheka mimi sasa. Kwahiyo kwangu haikuwa bando.

#46 Msee_wa_Stage_ya_Nyuma
Na kwangu ni juu hakuna vois noti ya kufowadi. Lakini huyo wa tusi ameonyesha upande wa pili, ukificha majina mpole anatoka na mjinga pia anatoka.

#47 Mzee_wa_Kadi
Mtangazaji alikuwa anasoma kadi zote kabla ya kipindi. Za matusi zilikuwepo sana tu, nyinyi hamkuzisikia. Funga majibu dakika kumi kabla, pumzika, chagua, ndipo usome. Na hazisomwi zote. Kadi yangu kuna wiki ilikuwa haisomwi na sikufa.

#48 Mwaka_wa_Tatu
Na wale kumi na wawili wapewe kijiwe chao baada ya saa tano, maiki wazi, kelele ruksa. Anayetaka kusikiliza asikilize. Mkiwanyima kabisa mtakuwa mmehamisha tu tatizo.

#49 Chuma_cha_Pua
Nje ya mada kidogo, hizo episodi ni za kusoma maandishi chini au zimewekwa sauti? Maana mimi nasubiri za madijei wetu wanaotafsiri kwa Kiswahili.

#50 Tanuru
Tafadhali tusianzishe vita hiyo saa hizi.

#51 Chuma_cha_Pua
Nauliza tu. Na lingi je, naipataje? Kuna mdogo wangu anapenda.

#52 Kashata_na_Kahawa
Mdogo wako 😂

#53 Mlinzi_wa_Lango
Lingi siiweki hapa, nimekutumia PM. Ukiingia hakuna atakayekukaribisha wala kukuuliza unatoka wapi, tumekubaliana hivyo maadmini wote, usije ukadhani tuna dharau.

#54 Chuma_cha_Pua
Nimeingia. Mbona mmenikaribisha?

#55 Mlinzi_wa_Lango
Nani kakukaribisha?

#56 Chuma_cha_Pua
Sijui, limeandikwa jina langu kamili lile la kwenye simu, na mkono unapunga, "karibu sana, tuambie anime unayoipenda na utume picha yako".

#57 Fundi_Vidude
Hilo ni boti.

#58 Mzee_wa_Kadi
Boti la Zanzibar?

#59 Mlinzi_wa_Lango
Mungu wangu. Lipo tangu Jumamosi hilo. Nakuja.